Boti ya Mizinga Niliyoizamisha kwa Swichi

Mjukuu wangu aliitaka boti ile kuliko nguo ya sikukuu. Ilikuwa ndani ya gemu, kwenye sayari yenye bahari ya kijani na miezi miwili: boti ya chuma inayoelea juu ya maji bila kuyagusa, mizinga miwili mbele na mmoja nyuma. Hupewi bure. Imefungwa mpaka umalize hatua ishirini. Kila Jumamosi binti huyo alitoka Tegeta kuja kwangu Tabata, kwa kuwa mashine ya gemu aliyoiacha baba yake ilikuwa sebuleni kwangu. Mimi nilikaa pembeni na gazeti.

"Babu, unachungulia."

"Nichungulie nini? Boti yenyewe haina hata kiti cha mzee."

"Wewe utakaa nyuma, kwenye mzinga. Ukikohoa tu, adui anakimbia."

Siku aliyofika hatua ya ishirini, mvua ilishuka na radi ikapiga. Nimelelewa hivi: radi ikipiga, umeme unazimwa na kioo kinafunikwa. Nilitupia kioo cha ukutani kanga ya marehemu bibi yake, nikashusha swichi kubwa. Sikumwuliza.

"Babu! Nilikuwa namalizia!"

Ningeweza kusema ni mimi. Nikasema, "Umeme umekatika, mama."

Nani angebisha, mji huu? Lakini kwenye saluni ya jirani, tunayopakana nayo ukuta, drai ya nywele iliendelea kunguruma. Akasikiliza.

"Mbona kwao upo?"

"Wana jenereta."

Mvua ilipopungua nilipandisha swichi kimyakimya. Alipowasha, gemu ilikuwa imerudi hatua ya kwanza. Kumbe alikuwa hajawahi kusevu vizuri, au mimi ndiye niliyeharibu kila kitu. Alivaa viatu, akaaga kwa adabu iliyonichoma, akaondoka. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine.

Baba yake nilimlea hivyohivyo. Kosa langu sikuwahi kulibeba mwenyewe. Nililitafutia mwingine wa kulibeba, mara nyingi yeye. Sasa ananipigia simu sikukuu kwa sikukuu. Nikaona binti yake naye anaanza kwenda njia hiyo.

Nikampigia. "Niliyezima ni mimi. Na wale wa saluni hawana jenereta."

"Nilijua, babu. Jenereta ingesikika mpaka Chang'ombe."

"Nisamehe, mama."

"Mpaka unirudishie hatua zangu. Washa."

Akanifundisha kwa simu, kitufe kwa kitufe. Vidole vyangu vina uvimbe wa baridi yabisi. Nilikufa mara nyingi kwenye bahari ile ya kijani. Jumamosi alikuja kukagua.

"Wiki nzima, hatua mbili? Babu, wewe ni kobe!"

"Kobe anaanza na hatua mbili kama wengine."

Alicheka, akaninyang'anya pedi ya gemu. Tuliendelea kwa zamu, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka boti ikafunguka. Ilikuwa nzuri kweli. Akaniachia mzinga wa nyuma, nami nikalipua gati yetu wenyewe.

Bado tunacheka, radi ikanguruma mbali. Mkono wangu ukataka kwenda kwenye swichi.

"Mama, naomba nizime?"

"Subiri, nasevu." Akabonyeza, akahakikisha mara mbili. "Haya, zima."

Nilipokuwa naielekea swichi, yeye alikuwa ameshachukua kanga, anafunika kioo.