Mezani Mguu Mmoja

Dada Waya alikuwa na mguu mmoja wa kuzaliwa nao na mwingine wa kutengenezewa, na yote miwili ilimpeleka mbio alikotaka. Ule wa kutengenezewa aliupata akiwa na miaka kumi na tisa, kwenye karakana ileile ya miguu bandia ambako sasa ndiye mtu wa kompyuta. Wageni waliomwona akipanda ngazi na mzigo wa nyaya begani hawakuhisi kitu, mpaka apandishe suruali na kujikuna kwa makusudi palipo na plastiki. Hapo ndipo macho yalipowatoka!

Jambo moja tu alikuwa hajaisamehe karakana ile: wiki tatu. Enzi hizo aliambiwa mguu wake utakuwa tayari Ijumaa, na Jumamosi dada yake anaolewa. Ijumaa ikafika, fundi mkuu akatoka na aproni yake yenye vumbi jeupe, asimtazame usoni. "Plasta haijakauka, binti. Rudi baada ya wiki tatu." Harusini akaenda kwa magongo. Picha ipo mpaka leo: bibi harusi anacheza, mdogo wake kakaa kwenye kiti, kavimba kwa hasira. "Plasta gani hiyo ya kukauka wiki tatu?" alimuuliza kila mwenye masikio.

Mguu ulipokuja, lakini, ulikuja kweli. Na fundi yule, ambaye wote walimwita Mzee Plasta, ndiye aliyemwingiza kazini miaka mingi baadaye, pale vipimo vya wateja vilipoanza kuwekwa kwenye kompyuta badala ya kalibu za plasta zilizojaa stoo mpaka darini. Mzee alijifunza mambo ya seva uzeeni, akajifunza kama alivyochonga: polepole, kwa kunung'unika, na bila kusahau. Kila walipofungua mashine aliimba wimbo wake uleule: "Mezani mguu mmoja!" Siku ya kukata mguu bandia kwa kipimo, ubaki mezani ule unaokatwa tu, mingine yote iende rafuni. "Niliwahi kuukata mguu niliokwisha kuutengeneza kabisa, wa binti wa watu," alisema, "kwa sababu tu ulilala jirani na ule niliotaka kuukata. Diski nazo ni hivyohivyo." Dada Waya aliitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, huku akitazama saa. Mzee akastaafu, na wimbo akaondoka nao.

Basi Jumanne moja asubuhi seva ikagoma kuwaka.

Seva ilikuwa moja, lakini ndani yake ziliishi kompyuta tatu zisizo na mwili, kama wapangaji watatu ndani ya nyumba moja: ya mapokezi, ya stoo, na ya vipimo. Diski moja ndogo, diski ya mfumo, ndiyo iliyoamka kwanza na kuwafungulia wapangaji milango. Hiyo ndiyo iliyokufa. Wapangaji wenyewe walilala kwenye diski mbili kubwa, wazima wa afya, ila hakuna wa kuwaamsha.

Kwa ile ndogo Dada Waya hakuwa na wasiwasi. Nakala yake aliichukua mwenyewe mwezi uliopita, ikawa salama kwenye droo. Kilichomkausha mate ni zile kubwa. Nakala zake zilitakiwa kwenda jengo la pili kila wiki, na mashine ya huko ilikuwa imekufa miezi saba. Aliandika barua ya kuomba nyingine, kazi zikambana, hakufuatilia. Kosa ni lake na alilijua. Kwa hiyo vipimo vya watu elfu nne na mia mbili, mapaja yao na magoti yao, vilibaki mahali pamoja tu, na kalibu za plasta zilikuwa zimeshatupwa zamani. Vikifutika, wote hao warudi kupimwa upya, wengine kwa safari ya siku mbili, kwa magongo. Wengi wasingerudi. Yeye mwenyewe, akiwa na miaka kumi na tisa na hasira zile, asingerudi.

Akafunga diski mpya ndogo, akachomeka flashi yenye programu ya kurudisha nakala, akawasha. Mkuu wa karakana, mama mwenye sauti ya kengele, alikuwa kasimama mlangoni.

"Dada Waya, benchi limejaa! Mwalimu wa hesabu yupo tangu alfajiri na mguu wake uliopasuka. Bado tu?"

"Nabonyeza sasa hivi, bosi."

Kioo kiliuliza: nakala irudishwe kwenye diski ya kwanza? Kidole kikawa juu ya kitufe. Wakati huohuo huyo mwalimu wa hesabu akaingia akirukaruka kwa magongo, mguu wake kwapani.

"Samahani dada, niwekee hapa. Mkono umeniuma."

Akaulaza mezani, mbele kabisa ya kioo. Dada Waya akautazama. Mguu mmoja, mezani. Jamani! Akarudisha kidole, akazima kila kitu.

"Unazima tena?" bosi akapiga kelele.

"Dakika kumi, bosi. Ukinifukuza, nifukuze mchana."

Akazichomoa diski mbili kubwa, akazibandika namba kwa plasta ya kufungia vidonda, akazilaza rafuni juu ya taulo. Ndani ikabaki ile ndogo peke yake. Akabonyeza. Dakika arobaini baadaye nakala ilikuwa imerudi yote.

Akazima, akarudisha zile kubwa kila moja mahali pake, akawasha tena kwa programu ileile, atazame tu kama diski zote zinaonekana. Zilionekana. Ila iliyoandikwa ya kwanza, zote zikiwa ndani kama mwanzo, haikuwa ile ndogo. Ilikuwa diski kubwa, yenye vipimo. Angebonyeza mara ya kwanza, nakala ingeandikwa juu ya watu elfu nne na mia mbili.

Akakaa sakafuni akalia, mwalimu wa hesabu akimpepea kwa daftari. Kisha akainuka, akachomoa flashi, akawasha seva ipasavyo. Wapangaji wakaamka mmoja baada ya mwingine, na paja la mwalimu likatokea kwenye kioo, sentimita kwa sentimita. Benchi zima likapiga makofi. Kabla ya saa ya chakula bosi alikuwa amesaini barua ya mashine ya nakala.

Jumamosi akaenda kwa Mzee Plasta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Goti hilo linalia, nimelisikia tangu getini."

Akamsimulia yote. Mzee alisikiliza bila kukatiza. "Nimekuja kusema asante," Dada Waya akamalizia. "Kama si wewe, ningewafuta wote."

Mzee akakiweka mezani kikombe chake cha chai.

"Yule binti wa watu," akasema. "Ambaye niliukata mguu wake. Ulikuwa wewe. Plasta ilikauka tangu Jumatano. Ijumaa asubuhi nikaukata mguu wako."

Dada Waya akamkodolea macho. "Na hukuniambia miaka yote hii?"

"Nilikuogopa. Ulikuwa na ulimi! Na tangu siku ile sijaweka miwili mezani."

Akaikumbuka picha ya harusi, kiti kile na uso ule uliovimba. Akatafuta hasira yake ya siku zote, asiione. Akaanza kucheka, machozi yakamtoka, na mzee naye akacheka kwa woga woga.

"Asante, mzee," akasema. "Hata kwa wiki tatu."

Akapandisha suruali, akaufungua mguu, akamkabidhi. "Haya, nitazamie hilo goti."

Mzee akaondoa vikombe mezani, akaondoa birika, gazeti na miwani ya kusomea. Akapangusa meza kwa kiganja, kisha akaulaza mguu katikati.