Bei Ambayo Mama Hakuifikia

Kwetu kuna mikeka kumi na minne, na sisi tuko watatu. Mama ndiye aliyeinunua. Kila Jumamosi sokoni Barentu, mjini kwetu, alikwenda kwa mzee Hamdan, muuza mikeka aliyekuja na lori kutoka Ilit, alikozaliwa Mama. Sisi sote ni kabila moja, Wakunama, lakini Kikunama cha Ilit watu wa Marda, upande wetu huku, hawakielewi. Baba ni wa Marda. Miaka yote hii amejifunza neno moja tu la Kiilit, la kuitia chakula.

Jirani yetu Letta alimcheka. "Shoga, unafungua duka?"

"Niache na mikeka yangu," Mama akamjibu kwa Kimarda.

Kwa mzee Hamdan alipatana bei kwa Kiilit mpaka jua la utosi. Mimi nilikaa kando, nikisikiliza. Nyumbani Mama akicheka huziba mdomo kwa mkono. Pale aliuacha wazi. Alimwita mzee mjomba, ingawa hawakuwa na udugu.

Siku moja mzee akasema, "Binti yangu, magoti yamelikataa lori. Chukua huu, ndio wa mwisho."

Mama akaukunja mkeka, akamrudishia. "Sichukui. Bei yako bado iko juu."

"Nimeshapunguza!"

"Haijafika, mjomba. Tutaimaliza Jumamosi ijayo."

Sokoni kwetu bei iliyokwisha kuanzwa haiachwi njiani. Mzee alimtazama, akatikisa kichwa, akafunga mzigo.

Jumamosi tatu Mama alikwenda akasimama mahali pale. Sasa pamekaa muuza vitunguu. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mimi ni wa Ilit, lakini akinisemesha lugha yake nilizoea kumjibu kwa Kimarda.

Jana alirudi mikono mitupu. Nikatandika mkeka wa zamani mbele yake, nikataja kwa Kiilit ile bei ya mzee Hamdan. Sina maneno mengine, ninayo ya sokoni tu.

Mama akaupapasa ukingo.

"Umechakaa huu. Punguza."

"Sipunguzi."

"Hata kwa mama yako?"

Hapo nikakwama. Mzee Hamdan hakuwahi kuulizwa hivyo, kwa hiyo jibu lake sikuwahi kulisikia. Mama akaninong'oneza jibu kwa Kiilit, nikalirudia kwa sauti, naye akalikataa papo hapo.