Kiingereza Alichobaki Nacho Mama

Mama alipopata kiharusi tulimtoa Sitalike tukamleta kwangu, Mpanda mjini, awe karibu na hospitali. Mkono wa kulia ulipooza, ila kilichotutia hofu zaidi ni mdomo. Alitaka kusema na neno halitoki. Mama yangu nyie hamumjui. Amefundisha Kiingereza darasa la tatu mpaka anastaafu, hata sisi wanawe tulipita mikononi mwake, na nyumbani alikuwa haishiwi maneno. Kumuona amekaa kimya kuliniumiza kuliko kumbeba kwenda bafuni.

Daktari alituambia tumsemeshe sana, hasa kwa lugha aliyozaliwa nayo. Mama mdogo akaja kutoka Kibaoni na mchele wake, akakaa kitandani kwa dada yake akimwaga Kipimbwe kutwa nzima: mpunga umekuwaje, nani kaoa, nani kaachika. Mama alimtazama tu, machozi yanamtoka. Kiswahili nacho tulijaribu, wapi.

Siku moja nilikuwa nafagia chumbani kwake, kichwa kipo mbali, nikajikuta natamka kama tulivyokuwa tukifanya darasani. Vitabu vilikuwa vichache, kwa hiyo alitufundisha kwa maneno yanayoishia sauti moja: yeye anataja la kwanza, darasa linaitikia mengine. Nikasema, "Cat."

"Rat," ikasikika kutoka kitandani. "Hat. Mat."

Nikaacha kufagia. Mama mdogo alikuwa mlangoni na bakuli la uji, naye amesikia. Akabetua mdomo. "Huyu dada anatuonea," akasema. "Kipimbwe kakikataa, kumbe alikuwa anasubiri Kizungu."

Tukacheka wote, hata mgonjwa mwenyewe, kwa upande mmoja wa mdomo. Nikaamini sasa tumepona.

Haikuwa hivyo. Nikimpa "pen" atanipa "ten, hen, men" bila kukosea, lakini nikimuuliza anataka maji au uji, kimya. Mwenye duka jirani akawatangazia wateja wake kwamba kuna bibi hapo ndani anaongea Kizungu kitupu, watu wakaanza kuja kumjulia hali ili wasikie. Niliwafukuza. Na nitasema ukweli, hasira nyingine zilikuwa za kumkasirikia mama mwenyewe. Nilimtaka anisemeshe mimi mwanawe, aniulize nimekula nini, anigombeze kwa nini nimechelewa sokoni. Yeye ananipa kuku na panya. Mama mdogo aliniambia niache hicho Kizungu, labda ndicho kinachomziba. Kaka zangu kwenye simu walianza kusema tumkubali alivyo. Mimi nilikataa. Nilikuwa sina kingine cha kumshikia.

Basi tukaendelea, tukawa tunapokezana: mimi moja, yeye moja. Tulikuwa uani, yeye kwenye kiti, mimi kwenye jiko langu la mkaa, maharage yako motoni.

"Book," nikaanza.

"Look."

"Cook."

"Took."

Zamu yangu ikafika na maharage yakaanza kufurika. Nikachukua kitambaa, nikafunua sufuria. "Pot," nikasema, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbele ya macho yangu, ile sauti tuliyokuwa tukiifuata nimeshaisahau.

Nikasikia msonyo, mrefu, wa kwake kabisa. Nikageuka. Alikuwa amenikazia macho, midomo inahangaika.

"Nani kakufundisha wewe?"

Maneno yalitoka yakiburuzika, la mwisho nusu limemezwa, lakini kilikuwa Kiswahili, na nilikuwa naulizwa mimi.

"Ni wewe, mama."

Akatikisa kichwa. Hakukubali hata kidogo.

"Rudia," akasema.

Nikarudia huku nalia, akanisahihisha, nikarudia tena, na maharage yakaungua.