Majina Mawili, Namba Moja

Juzi nilikuwa Makanyagio, kwa mama mjane anayechapa barua za watu kwa kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya. Baada ya arobaini alibadilisha jina la kompyuta ya chumbani, lililokuwa la marehemu mumewe, akaweka lake. Tangu hapo ile ya sebuleni ikawa haiipati.

Fundi aliyemwita akakaa sebuleni, akaiita ile ya chumbani kwa namba yake ya mtandao, ikajibu. Akaiita kwa jina jipya, kimya.

“Mama, hii bado inamtafuta mzee. Jina lake ndilo limo kwenye orodha ya majina na namba humu ndani. Nilifute?”

Mama akapangusa kioo kwa ncha ya kanga.

“Usilifute. Andika na langu pembeni.”

Fundi akaandika, ikaitika.

Uani mashemeji zake walikuwa wanajadili nyumba ile iwe ya nani. Nilikaa nao mpaka chai ikaisha. Jina la mama huyo sikulisikia likitajwa.