Samaki wa Kopo kwa Mama Mkwe

Mimi ni msomaji wa makopo. Nikiingia dukani nageuza kopo upande wa nyuma na kusoma vile viherufi vidogo mpaka macho yaume. Ugonjwa huu niliupata kazini. Miaka sita sasa nafunga chakula cha mchana cha wageni kwenye loji moja hapa Karatu, vile viboksi wanavyoshuka navyo kreta, lile bonde la Ngorongoro lenye wanyama, na mgeni akivimba midomo kwa kitu ambacho hukukijua, utajieleza kwa meneja mpaka mate yakukauke. Kwa hiyo nimejifunza. Najua tuna, yule samaki wa kopo, iliyohifadhiwa kwenye maji matupu na iliyohifadhiwa kwenye maji ya chumvi. Najua ile wanayoandika mafuta bila kusema mafuta ya nini, na ile yenye mchuzi wa mboga, ambayo ukisoma vizuri unakuta mboga ni jina tu, kilichomo ni soya na vikolezo. Muuza duka wa mtaani kwetu ananiita Mkaguzi. "Karibu Mkaguzi," ananiambia, "leo unafungia nani duka?" Namwambia, wewe.

Majivuno haya nayasema mapema kwa sababu ndiyo yaliyoniponza.

Mwaka jana mama mkwe wangu aliletwa kwetu kutoka Ngorongoro akiwa na presha iliyomshtua hata nesi. Mume wangu ni dereva wa watalii. Alimfikisha nyumbani, akakaa naye siku mbili, kisha akaondoka na wageni kwenda Serengeti. Tukabaki wawili. Mimi ni Mwiraki wa Mbulumbulu, hapa hapa Karatu, yeye ni Mmasai. Babu zetu walikimbizana kwa mikuki kwa ajili ya ng'ombe, sisi tukaanza kukimbizana kwa ajili ya chakula.

Hatuitani majina. Siku ya harusi nilipofika bomani kwao nilisimama mlangoni kama bibi harusi anavyotakiwa, nikagoma kuingia mpaka nipewe kitu, na ni yeye aliyenipa ndama jike. Tangu hapo ananiita Paashe na mimi namwita Paashe, maana kwao aliyetoa ndama na aliyepokea huitana kwa ndama huyo. Ndama alibaki kwenye zizi lake. Mwaka jana alikuwa mtamba mwenye mimba ya kwanza, na mama mkwe alikuwa na neno moja tu asubuhi na jioni: anataka awe nyumbani mtamba akizaa. Ilikuwa imebaki kama miezi miwili. Nesi naye alikuwa na lake: haondoki Karatu mpaka presha ishuke na itulie kliniki mbili mfululizo.

"Apunguze chumvi, apunguze nyama ya mafuta," nesi aliniambia. "Mpe maharage, mboga, samaki."

Nesi alikuwa mtu wa Mwanza, kwake samaki ni chakula cha kila siku. Hakujua anamwandikia samaki mtu ambaye kwao kiumbe huyo huwekwa kundi moja na nyoka.

Wiki ya kwanza hakula kitu cha maana. Mboga alizisukuma pembeni akisema yeye si mbuzi. Nyama isiyo na chumvi aliitafuna kwa adabu, kisha akaificha kwenye pindo la shuka lake. Alikonda mbele ya macho yangu, nami niliogopa. Nampenda yule mwanamke. Ndiye aliyenishika mkono nilipokuwa mgeni bomani kwao, nisiyejua hata kusalimia.

Ndipo nilipowaza makopo. Nilizunguka Karatu nzima nikigeuza makopo, mengine nikiyarudisha rafuni kwa hasira, mpaka nikalipata moja kwenye supamaketi ndogo wanakonunua watu wa loji. Limeandikwa vitu viwili: tuna, maji. Chumvi hakuna, rangi hakuna, kikolezo hakuna, zile herufi zenye namba za ajabu hakuna. Nilibeba yote yaliyokuwepo.

Kumdanganya niliwaza, sikatai. Ningeweza kusema ni nyama ya ndama iliyochambuliwa. Nikaona aibu, nikamwekea kopo mkononi. Tulizungumza kama kawaida yetu, Kimaasai changu kibovu na Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Hii nini, Paashe?"

"Samaki."

Alilirudisha mezani polepole. "Sisi hatuli."

"Najua."

"Wameandika nini?"

Nikamsomea. Aliuliza kama ni vitu viwili tu, nikamwambia viwili tu. Akauliza hawa wanakaa wapi. Nikamwambia baharini, ni wakubwa, mwingine anamzidi ndama.

"Wanakaa mahali pamoja?"

Nilikumbuka maelezo ya mgeni mmoja aliyekuwa mvuvi huko kwao. "Hapana. Wanahama. Kundi zima linafuata malisho, linakwenda mbali sana."

Mama mkwe alilitazama kopo upya. "Wanahama," alisema. "Basi si nyoka. Nyoka hahami na wenzake. Fungua nionje."

Alikula. Nilimchambulia tuna juu ya kande laini za mahindi na maharage, nikaongeza kitunguu, nyanya na limau, akamaliza sahani na kufuta kingo kwa kidole. Kuanzia siku hiyo ikawa desturi: kabla sijafungua kopo lazima nimsomee, kana kwamba maneno huenda yamebadilika tangu jana. Akahamia kwenye vitu vingine. Nilimsomea majani ya chai, nikamsomea sabuni. Nilimsomea dawa ya meno toka mwanzo hadi mwisho, akasema mambo yaliyomo ni mengi kuliko meno aliyobakiwa nayo. Mashavu yakarudi. Nilijiona daktari.

Kliniki ilikuwa kila baada ya wiki mbili. Ya kwanza, presha iko juu. Ya pili, iko pale pale. Ya tatu nesi alinigeukia mimi.

"Chumvi inatoka wapi?"

Nilimweleza kopo langu, nikamtajia hadi maandishi yake. Akasema, "Basi kuna inayoingia kwa mlango mwingine."

Mlango huo nikadhani naujua. Niliificha chumvi nyuma ya ndoo ya unga. Jioni mume wangu alipopiga simu nikamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba mama yake anaiba chumvi mchana nikiwa kazini. Nyumba yetu kuta hazijafika juu. Mama mkwe alikuwa chumba cha pili na alisikia kila neno, na asubuhi alinisalimia kama siku zote.

Wiki hiyo hiyo simu ilitoka nyumbani kwake. Mtamba amezaa, ndama jike, wote wazima. Alizaa asubuhi, majirani wakamsaidia. Mama mkwe aliendelea kuishika simu hata baada ya kukatika.

"Nilitaka nimwone akisimama," alisema.

Kesho yake alikuja mlango wa jikoni akasimama. Wiki zote zile hakuwahi kukanyaga jikoni kwangu. Kwao jiko ni la mwanamke mwenye nyumba, na mgeni, hata awe mama mkwe, hachungulii chungu cha mwenzake. Nilimkaribisha ndipo akaingia, akakaa kwenye kigoda.

"Paashe, nisomee vyote. Kila kinachoingia kwenye sufuria."

Nilipanga vitu mezani. Mafuta, mchele, kopo. Chumvi ilibidi niitoe nyuma ya ndoo ya unga mbele ya macho yake, na uso ukaniwaka. Nikasoma kimoja kimoja. Nilipomaliza alinyoosha kidole kwenye mfuko wa nailoni ulioning'inia kwenye msumari karibu na jiko.

"Na hii?"

"Hiyo haina maandishi. Ni magadi tu, ya kulainishia kande."

Magadi yale huniletea mama yangu mzazi kila akija. Nyumbani kwetu kande bila magadi hazihesabiwi kuwa zimepikwa. Mkono wangu huyatia kwenye sufuria wenyewe, kichwa kikiwa kinawaza mengine.

Mama mkwe alichukua bonge moja, akaligusisha kwenye ulimi.

"Naijua," alisema. "Tulikuwa tunashusha ng'ombe kreta kulamba hii. Ng'ombe akikosa chumvi anaitafuta siku nzima, hata umchape harudi."

Alisema bila lawama yoyote. Mimi niliutazama mfuko. Niligeuza makopo ya Karatu nzima, nikakataa hili kwa kikolezo na lile kwa chumvi kidogo, na kila siku nilikuwa nammwagia chumvi ya ng'ombe kwa mkono wangu. Wiki sita. Mtamba amezaa bila yeye, na juu ya hayo nimemwita mwizi.

Nilikaa sakafuni nikalia. Nikamwambia ni mimi, nimekusingizia, nisamehe. Aliniwekea kiganja kichwani, vile wazee wao wanavyosalimia watoto.

"Pika bila," alisema.

Nilipika bila. Kande zilichemka toka alfajiri na bado ziligoma kuiva vizuri, naye akazitafuna zote na tuna yake. Kliniki iliyofuata presha ilikuwa imeshuka. Iliyofuata tena, imetulia. Nesi alifurahi, akauliza tumebadilisha nini.

Nilikuwa nimejiandaa. Njia nzima juu ya bodaboda nilikuwa napanga maneno. Lakini mama mkwe, ambaye mle kliniki hakuwahi kusema Kiswahili zaidi ya salamu, alinitangulia, neno moja baada ya jingine.

"Mimi naiba chumvi. Mzee, tamaa mingi. Sasa nimeacha."

Nesi alimkaripia kama mtoto. Alimwambia alitaka kujiua, alimwambia ana mkwe wa kumshukuru Mungu, anayehangaika mpaka anasoma makopo. Yeye akawa anaitikia, ndiyo, ndiyo. Nikasema, "Nesi, ngoja kidogo." Chini ya benchi alinibana mkono kwa nguvu mpaka shanga zake zikaniachia alama. Nikanyamaza.

Mpaka leo mume wangu humtania mama yake kwamba ni mwizi wa chumvi, hata mbele ya watu bomani, na yeye hucheka na kukubali. Kila nikitaka kusema hunikata jicho. Nimevumilia mwaka mzima na nimechoka. Mume wangu, najua utasoma hapa. Magadi yalikuwa ya kwangu, na mama yako hajawahi kugusa chumvi yangu hata punje.