Mgeni Anavuta

Mgeni alikuwa amekaa nchini miaka thelathini na kitu, na bado aliitwa Mgeni. Alikuja akiwa kijana na kampuni ya kujenga barabara. Kampuni ikamaliza barabara ikaondoka, yeye akabaki kwa sababu ya mwanamke. Mwanamke huyo alimzalia binti mmoja, akamfundisha kutukana kwa Kiswahili, kisha akafa kwa ugonjwa wa ini. Mgeni akamzika, na kesho yake akarudi gerejini, akaupiga nyundo mlango wa pikapu mpaka ukatoboka. Mama Gereji, mwenye gereji yetu, hakumsema. Alitafuta mlango mwingine.

Alikuwa fundi bodi. Gari lililopondeka likiletwa, yeye ndiye aliyelirudishia sura. Kiswahili alikijua vizuri isipokuwa maneno yenye ng'. Ng'ombe kwake alikuwa "gombe", na kwa kuwa hilo ndilo tusi alilolipenda kuliko yote, gereji nzima tulikuwa magombe.

Sigara alivuta tangu ujana, akiwashia ya pili kwa ile inayokwisha. Siku moja alikohoa chini ya lori mpaka tukamtoa kwa kumburuta miguu, midomo imekuwa ya bluu. Daktari akamwambia mapafu yake yamebaki robo. Binti yake, ambaye ni msusi na ana mikono yenye nguvu kama ya baba yake, akamnunulia sigara ya umeme, kile kidude cha betri kinachotoa mvuke wenye harufu ya matunda. Sisi tuliiita kalamu. Mgeni alinuna, akainyonya, akanuna tena, lakini sigara ya moto akaiacha. Kikohozi kikapungua. Akaanza kupanda ngazi bila kushika ukuta.

Halafu redio ikatangaza marufuku. Kuuza sigara ya umeme ni kosa, kuivuta ni kosa, kuwa nayo mfukoni ni kosa, na raia wa nje atakayekamatwa nayo atanyang'anywa kibali cha kuishi na kurudishwa kwao. Sigara za kawaida hazikuguswa.

Mgeni alisikiliza mpaka mwisho, akaweka nyundo chini, akavuka barabara hadi kioski kilicho mkabala na lango letu.

"Hebu nieleze," akamwambia Mwenye Kioski, akigonga kwa kidole pakiti za sigara zilizopangwa kando ya peremende. "Hii ina moto, ina lami, ina majivu, imekula mapafu yangu. Hii ni halali. Ile isiyo na moto imekuwa jinai. Gombe gani kafikiri hivi?"

"Mzee, mimi nauza tu."

"Unauza kifo."

"Na hizo kalamu zenu je?" Mwenye Kioski naye akapandisha sauti. "Mwanangu wa shule ya msingi alikuwa anazinyonya kama pipi, kwa sababu zinanukia embe! Kaanguka darasani, kanitapikia mikononi. Wewe mzee mzima umeponea hapo, sawa, lakini mtoto wangu kaanzia hapo."

"Basi wakatazeni watoto! Mimi mtoto?"

Watu wakacheka. Palikuwa na dereva wa lori aliyekuwa anakunywa soda, mtu mwenye shingo nene.

"Babu, si urudi kwenu ukavute mvuke huko?"

Mgeni akamrukia. Dereva akampiga na chupa mdomoni, jino la mbele likatoka, na Mgeni akamshika sikio kwa meno aliyobakiwa nayo. Waliviringika kwenye changarawe mpaka binti akafika mbio kutoka saluni, kitana kikiwa bado kichwani, akamvuta baba yake kwa ukosi wa shati. Kipande cha sikio la dereva kilibaki pale chini.

Binti alimkalisha kwenye tairi bovu ndani ya gereji, akamfuta damu kwa kanga.

"Baba, kwenu ni wapi?"

"Unapajua."

"Sipajui. Huko nani anakujua? Ukigonga mlango, nani atafungua?"

Mgeni akatema damu. Kaka yake alishakufa, na dada yake aliacha kupokea simu zake.

"Wakikukamata na hicho kidude, watakupandisha ndege," binti akasema. "Mimi sitaweza kukufuata. Nitasikia tu umekufa, nitaambiwa na nani sijui. Mama yuko hapa. Mimi niko hapa. Chagua."

Aliyasema bila kulia, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Mgeni akainuka, akatoa kalamu mfukoni, akaiweka juu ya fuawe na kuipiga kwa nyundo kubwa. Betri ikapasuka, moto ukamrukia kiganjani na kwenye suruali. Akaipiga tena ikiwa inawaka, na tena, huku Rangi, fundi wetu wa kupiga rangi, akimmwagia mchanga miguuni na kupiga kelele, "Imeshakufa, mzee! Imeshakufa!"

Kisha akavuka barabara, kiganja kimechunika, akanunua sigara. Mwenye Kioski alimpa pakiti bila kumtazama usoni.

Kikohozi kikarudi wiki ileile. Kila alipowasha sigara aliinyanyua juu ili wapita njia waione. "Halali!" anapayuka, anakohoa mpaka macho yanamtoka, anafuta mdomo. "Halali kabisa!" Nani alimchongea kwamba bado ana kalamu, sijui. Labda hakuhitajika mtu wa kumchongea, kwa kelele zile.

Wakaguzi wa ile marufuku walikuja asubuhi na pikapu, wanaume wanne wenye virungu. Rangi alikuwa langoni anachanganya rangi.

"Yule mzee wa kigeni yuko wapi?" mkuu wao akauliza.

"Yuko ndani."

"Anafanya nini?"

"Anavuta."

Hapa lazima nieleze. Gerejini kwetu kuvuta ni kazi. Gari likigongwa fremu ikapinda, unalifunga nyuma kwenye nguzo za chuma, mbele unalitia kulabu na mnyororo, halafu unakaza winchi pole pole mpaka fremu inyooke. Tunasema leo fulani anavuta, kesho fulani anavuta, na hakuna anayeuliza anavuta nini. Rangi alijibu kama tunavyojibu siku zote, tena akataka kuwasaidia.

"Anavuta tangu asubuhi," akasema. "Na akivuta hataki kusumbuliwa."

Mkuu akawatazama wenzake. "Haya, ingieni."

Ndani, Mgeni alikuwa ameinama kwenye winchi, mkono mmoja kwenye mpini, akivuta basi dogo lililokunjamana pua. Mnyororo ulikuwa umekazwa hadi unalia. Mnyororo ukiwa hivyo, hata Mama Gereji hapiti karibu. Mkaguzi mmoja, jitu la mtu, akaupitisha mguu juu yake na kumkaba Mgeni shingo kwa nyuma.

"Toa!"

"Niache! Mnyororo!"

"Toa hicho ulichonacho mdomoni!"

"Gombe wewe, mnyororo! Kaa mbali!"

Jitu likaona limetukanwa, na kweli lilikuwa limetukanwa. Likampiga Mgeni rungu la kiuno. Mkono ukaachia mpini, winchi ikazunguka kinyume, kulabu ikachomoka kwenye fremu, na mnyororo ukafyeka chini kama panga. Tulisikia mlio wa chuma, kisha mlio mwingine usiokuwa wa chuma. Jitu likakaa chini, likautazama mguu wake. Mfupa ulikuwa umetoka kupitia suruali. Halikupiga kelele mara moja. Lilikuwa kama linajiuliza ule mguu ni wa nani.

Lilipopiga kelele, wenzake wawili wakamvamia Mgeni. Walimpiga amesimama, wakampiga ameanguka, wakampiga amejikunja kichwa mikononi. Virungu kwenye mbavu vinatoa sauti ya mtu anayekung'uta godoro. Fundi mmoja wetu akachukua nyundo, mwingine nondo. Rangi akaja na bunduki yake ya kupulizia rangi, akampaka mkaguzi mmoja bluu kuanzia kwenye paji la uso hadi kifuani. Mtu yule akawa anazungusha rungu bila kuona, akampiga mwenzake jino, akampiga Rangi bega, akalipiga basi. Mama Gereji ndiye aliyeingia katikati kwa mikono mitupu. Rungu likamshukia mkononi, bangili zikapasuka, naye hakurudi nyuma. Akapanua miguu juu ya Mgeni aliyelala.

"Atakayepiga tena aanze na mimi," akasema. "Mimi mama yenu. Anzeni."

Hapo wakasimama, wanahema. Mkuu wao, ambaye muda wote huo alikuwa mlangoni, akapiga magoti na kumgeuza Mgeni mifuko nje. Akakuta pakiti ya sigara na kiberiti.

"Kiko wapi?"

"Nini?" Mgeni akauliza, damu inamtoka puani.

"Ulichokuwa unavuta!"

Mgeni akanyoosha kidole chenye damu kuelekea basi dogo. "Hicho hapo."

Fundi mmoja akacheka, akapigwa kofi.

Walimpeleka kituoni hivyo hivyo, amelala nyuma ya pikapu kando ya jitu, kila mmoja akiugulia kivyake. Shtaka lilikuwa tayari: kumjeruhi mtumishi wa serikali kwa mnyororo. Kwa mwenyeji, shtaka hilo ni kifungo. Kwa Mgeni lilikuwa ni uwanja wa ndege. Binti alifika amemwacha mteja nusu kichwa kimesukwa. Alisimama nyuma ya kiti cha baba yake, mikono mabegani mwake, kama mtu anayezuia kitu kisipeperuke.

Mkuu wa kituo akaanza na Rangi.

"Ulisema anavuta."

"Alikuwa anavuta, afande."

"Anavuta nini?"

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi dogo, afande. La abiria."

"Kwa nini hukusema anavuta basi?"

"Hawakuuliza," Rangi akasema. "Na kama ni sigara, afande, si ni halali? Nilijua nawaambia kitu gani cha ajabu?"

Mkuu wa kituo akakuna kidevu. Alituma askari gerejini akaangalie, askari akarudi kusema ni kweli, basi lipo, pua yake nusu imenyooka. Ndipo akawatoa watu wote akabaki na Mgeni, binti, na Mama Gereji aliyekataa kutoka, naye ndiye aliyetusimulia.

"Mzee, mtu wangu amevunjika mguu. Wewe umevunjika mbavu. Naweza kuyafuta yote mawili, au niyapeleke yote mawili mahakamani. Yakienda huko, wewe utasubiria hukumu kwenu."

"Na yakifutwa?"

"Hukupigwa. Ulianguka kazini, na yeye vilevile. Halafu kingine: mambo ya sigara halali, sigara haramu, sitaki kuyasikia tena kutoka kwako. Si kioskini, si barabarani. Siku nikisikia umefungua mdomo, na mimi nafungua jalada."

Mgeni akakaza meno. Mishipa ya shingo ilimsimama. Tangu awasili nchini hakuwahi kumeza neno, hata kwenye mazishi ya mkewe aligombana na mchimba kaburi.

"Baba," binti akasema. "Jibu."

"Nilianguka," Mgeni akasema.

Mkuu wa kituo akapumua, akatoa pakiti yake mwenyewe na kumpa sigara moja. "Vuta, mzee, upoe." Mgeni akaipokea, akavuta pumzi ya kwanza, na mbavu zikafunguka kama mkasi. Akaangukia meza, wino ukamwagika, akawa anakohoa na kulia kwa wakati mmoja, kila kikohozi kinamtupa upande. Binti akaipiga ile sigara kofi ikaruka hadi ukutani, akaikanyaga, akamgeukia mkuu wa kituo akiwa ameinua ngumi. Mama Gereji akamdaka mkono hewani.

"Tumeshaelewana," Mama Gereji akasema haraka. "Tunakwenda."

Wiki nyingi zilipita hawezi kuvuta pumzi ndefu. Akiwasha sigara, mbavu zinamchoma kisu, anaitupa. Akijaribu jioni, anaitupa. Mpaka mifupa inaunga, hamu ilikuwa imekwisha. Hivyo ndivyo alivyoiacha.

Siku aliyorudi kazini alivuka barabara kununua peremende. Kioskini palikuwa na watu, na yule dereva wa lori alikuwepo, sikio lake limebaki nusu.

"Mtazameni Mgeni," Mwenye Kioski akawaambia wateja, tena kwa nia njema. "Kalamu hana, sigara hagusi. Marufuku imemponya. Sheria ina maana yake."

Mgeni akawa mwekundu. Akafungua mdomo. Kutoka langoni tulimwona anaufungua, na Mama Gereji akasema chini chini, "Funga, baba, funga." Akaufunga.

"Kumbe babu anafugika," dereva akasema. "Virungu vimemtia adabu. Sema sasa, babu. Sema gombe tusikie."

Mgeni akampiga. Ngumi moja, ya mtu aliyenyoosha mabati maisha yake yote, iliyompata dereva kwenye taya na kumtupa ndani ya kreti za soda. Chupa zikapasuka chini yake. Sote tukangoja tusi. Halikuja. Mgeni alisimama pale, ameshika mbavu, midomo imekazwa hadi imekuwa myeupe, anatetemeka mwili mzima kwa yale yaliyokuwa ndani.

Dereva akajiinua kwa kiwiko, damu na soda vinamchuruzika. "Mmeona! Wote mmeona! Naenda kituoni! Leo huyu anapanda ndege!"

Mwenye Kioski alizunguka kutoka nyuma ya kaunta yake, akaokota chupa moja nzima, akaipangusa kwenye suruali. Alimtazama Mgeni, ambaye walikuwa hawajapatana naye na hawakuja kupatana juu ya zile kalamu. Kisha akamtazama dereva.

"Nenda," akasema. "Mimi nimeona umeteleza."

"Kateleza," mteja mwingine akasema.

"Hapa panateleza sana," akadakia wa tatu.

Mgeni akachukua peremende zake na kurudi kazini.