Nyasi za Kumpokea Taata

Namshukuru Mungu aliyenifikisha umri wa kuitwa bibi. Juzi wajukuu zangu walitazama filamu ya zamani ya kutisha, wakamcheka maiti anayechomoka kaburini. "Bibi, ona, ni mpira na rangi tu!"

Mimi sikucheka. Filamu kama hiyo niliiona utotoni kijijini Kishanda, kwenye banda la video lililonuka mafuta ya jenereta. Wenzangu walipiga mayowe. Mimi nilifurahi, kwa sababu tulikuwa tumetoka kumzika Taata, baba yangu, kibanjani kwetu, kwenye migomba ya nyumbani, naye ugonjwa ulikuwa umemkondesha kama yule maiti wa kwenye video. Nikaamini atatoka.

Nilikimbia nyumbani, nikakata nyasi mbichi na kuzitandaza sebuleni, kama tunavyompokea mgeni.

Mama akauliza, "Leo anakuja nani?"

"Taata. Kwenye video wanatoka."

Aliketi juu ya zile nyasi. "Atafufuka, mwanangu. Lakini si leo."

Siku hizi nami nauona ule mpira, hata mahali ulipoungwa shingoni. Kinachoniuma ni kwamba mama alinijibu hivyo huku naye akimngoja Taata, bila mtu wa kumjibu yeye.

Mungu akufariji, msomaji, wewe unayemngoja mtu wako.